Ngano za Ujerumani na Masikio ya Watoto

Hadithi iliyo kinywani mwa msimulizi ni kama maji: huchukua umbo la chombo inamotiwa. Msimulizi akikaa na watu wazima, husema yote; akiona watoto wamejipenyeza katikati ya wasikilizaji, huruka neno hili, hulainisha lile, au humzidishia mwovu adhabu ili somo lionekane. Kesho yake aweza kuirudisha hadithi kama ilivyokuwa, wala hapana wa kumshitaki. Lakini hadithi ikisha kupigwa chapa kitabuni, mambo hubadilika. Neno lililofutwa halirudi kwa urahisi, na msomaji wa nchi ya mbali, ambaye hakupata kumwona msimulizi, hudhani kwamba alisomalo ndilo lililosemwa tangu zamani.

Mfano ulio wazi wa jambo hili ni ngano za Ujerumani zilizokusanywa na ndugu wawili, Jacob Grimm na Wilhelm Grimm. Ni ngano zijulikanazo karibu ulimwenguni kote: msichana mwenye nywele ndefu aliyefungiwa mnarani, watoto wawili walioachwa mwituni, binti wa mfalme aliyekuwa mweupe kama theluji, chura aliyegeuka kuwa mwana wa mfalme. Watu huziita hadithi za watoto. Lakini hazikuwa za watoto peke yao hapo mwanzo. Zilifanywa kuwa za watoto kwa kazi ya kalamu iliyodumu zaidi ya miaka 40. Na katika kazi hiyo, waliohifadhiwa walikuwa wengine, na waliotozwa gharama walikuwa wengine.

Jacob alizaliwa mwaka 1785, na Wilhelm mwaka 1786, katika mji wa Hanau. Baba yao alikuwa mwanasheria mwenye cheo. Alikufa mwaka 1796, akaacha mjane na watoto sita, na jamaa ile iliyozoea nyumba kubwa ikaonja ufukara. Ndugu hao wawili walisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Marburg, lakini mioyo yao ilivutwa na lugha na mambo ya kale. Siku zile hapakuwa na dola moja iitwayo Ujerumani; palikuwa na falme na miliki nyingi, na umoja wake haukutimia mpaka mwaka 1871. Mwaka 1806 majeshi ya Napoleon yaliingia Kassel, mji walimokaa ndugu hao, na mwaka uliofuata Jérôme, ndugu yake Napoleon, akafanywa mfalme wa sehemu ile. Jacob akapata kazi ya kutunza vitabu vya mfalme huyo. Basi yule aliyekuwa akikusanya ngano za Wajerumani alikuwa akila mshahara wa mfalme Mfaransa.

Hali hiyo yatufahamisha nia yao. Watu wanaotawaliwa na wageni hutafuta kitu ambacho mgeni hawezi kuwanyang'anya. Ndugu wa Grimm waliamini kwamba katika hadithi za watu wa kawaida mlikuwa na masalio ya imani na mawazo ya wahenga wao, na kwamba masalio hayo yangepotea kama hapana mtu wa kuyaandika. Walianza kazi wakiwa wanachuoni wanaookoa mali ya kale, si walezi watafutao kitulizo cha watoto wakati wa kulala.

Huenda msomaji akawawazia ndugu hao wakitembea kijiji hata kijiji, wakiketi karibu na moto wa wakulima. Sivyo ilivyokuwa. Wasimulizi wao wengi walikuwa wanawake vijana wa mjini, waliosoma na kulelewa vizuri, kama binti za jamaa ya Wild, ambao baba yao alikuwa mwuza dawa mjini Kassel, na binti za jamaa ya Hassenpflug. Jamaa hiyo ya mwisho ilikuwa na asili ya Wafaransa waliokimbia nchi yao kwa ajili ya dini. Alikuwako pia askari mstaafu, Johann Friedrich Krause, aliyetoa hadithi akapewa suruali kuukuu. Msimulizi aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Dorothea Viehmann, mke wa mshona nguo, aliyeleta mazao kuuza mjini. Alisimulia polepole, na akiombwa kurudia alirudia bila kupotoa neno. Kwa hakika, mchele ulikuwa mmoja na mapishi mengi: hadithi ile ile ilifika mezani mwao kwa namna mbili au tatu, na iliwabidi kuchagua.

Kitabu cha kwanza kilitoka mjini Berlin mwishoni mwa mwaka 1812, kikiwa na hadithi 86. Cha pili kilifuata mwaka 1815, kikiwa na hadithi 70. Jina lake lilikuwa Hadithi za Watoto na za Nyumbani, lakini mwili wake haukufanana na jina hilo. Hakikuwa na picha za kuwapendeza watoto. Mwishoni mlijaa maelezo ya kitaalamu. Hadithi zenyewe nyingine zilikuwa fupi na kavu, nyingine zenye mambo ambayo mzazi hapendi kumsomea mtoto wa miaka sita. Jina lilimwita mtoto, na kitabu kikamngojea mwanachuoni.

Malalamiko hayakukawia. Rafiki yao Achim von Arnim, mshairi, aliwaandikia kuhusu hadithi moja iliyowachukiza wazazi. Yasimulia watoto waliomwona baba akichinja mnyama, wakaenda kuucheza mchezo huo wao kwa wao, na mmoja akauawa kweli. Jacob alijibu kwamba yeye hakukiandika kitabu kwa ajili ya watoto, ingawa alifurahi kama watoto walikipenda. Wilhelm alijibu kwa njia nyingine: alisema kwamba mama yake alimsimulia hadithi hiyo hiyo alipokuwa mdogo, nayo ilimfundisha kuwa mwangalifu katika michezo. Majibu hayo mawili yafaa kukumbukwa. Mmoja aliona kwamba ukweli wa hadithi wapita mahitaji ya mtoto; wa pili aliona kwamba hata hadithi ya kutisha yaweza kuwa mlezi. Hata hivyo, chapa ya pili ilipotoka mwaka 1819, hadithi ile haikuwamo.

Tangu hapo kazi ya kutengeneza hadithi ilimwangukia Wilhelm zaidi, kwa maana Jacob alizama katika sarufi ya Kijerumani, ambayo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka huo huo wa 1819. Katika dibaji ya chapa ya pili Wilhelm alikiri waziwazi kwamba wameondoa kwa uangalifu kila msemo usiofaa kwa umri wa utoto. Hakuficha, basi, kwamba alibadili. Lakini wasomaji wachache husoma dibaji, na watoto hawazisomi kabisa.

Na tuangalie mabadiliko yenyewe. Hadithi ya Rapunzel ni ya msichana aliyefungiwa mnarani pasipo mlango wala ngazi. Bibi anayemlinda humwita ateremshe nywele zake, akapanda kwa hizo. Mwana wa mfalme akaijua siri hiyo, naye akawa anapanda. Katika chapa ya 1812 siri yao ilifichuka hivi: siku moja msichana alimwuliza yule bibi mbona nguo zake zimeanza kumbana na hazimwenei tena. Bibi alifahamu mara moja kwamba msichana ni mja mzito. Wazazi walinung'unika, na Wilhelm akalifuta swali hilo. Badala yake, katika chapa za baadaye, msichana auliza kwa nini yule bibi ni mzito kumvuta kuliko mwana wa mfalme.

Hapa twajifunza mambo mawili. Kwanza, mabadiliko yamemharibia msichana sifa. Katika hadithi ya kale hakuwa mpumbavu. Alikuwa mtu aliyefungiwa asifundishwe lolote, hata asijue mwili wake wampasha habari gani. Katika hadithi iliyosafishwa amekuwa mropokaji aitoaye siri yake mwenyewe kwa kinywa chake. Pili, aliyefuta hakufuta yote. Mwishoni mwa hadithi, mwana wa mfalme aliyepofuka amkuta Rapunzel jangwani pamoja na watoto wake pacha, mvulana na msichana. Pacha hao wamebaki katika kila chapa mpaka ya mwisho, bila kuelezwa walitoka wapi. Ni kama nyayo zilizobaki mchangani baada ya mtu kufagia njia.

Badiliko la pili ni kubwa zaidi, nalo lahusu mama. Katika chapa ya 1812, yule malkia aliyemwonea wivu Theluji, akaamuru auawe mwituni, akataka aletewe mapafu na ini lake ale, hakuwa mama wa kambo. Alikuwa mama mzazi, yule yule aliyeketi dirishani akatamani kupata mtoto mweupe kama theluji na mwekundu kama damu. Mwaka 1819 Wilhelm alimgawa mwanamke huyo katika watu wawili: mama mwema, ambaye alikufa mara baada ya kujifungua, na mama wa kambo, ambaye alichukua uovu wote.

Vivyo hivyo katika hadithi ya Hansel na Gretel. Mkata kuni na mkewe hawana chakula cha kuwatosha watu wanne. Usiku mke amshauri mume wawapeleke watoto mwituni na kuwaacha huko. Katika chapa ya kwanza mwanamke huyo ni mama yao mwenyewe. Ilipofika chapa ya nne, mwaka 1840, akawa mama wa kambo.

Sababu si vigumu kuikisia. Watu wa tabaka la kati katika karne ile waliheshimu nyumba na wakamweka mama mahali patakatifu ndani yake. Waswahili nao husema, nani kama mama. Yawezekana pia kwamba Wilhelm alimkumbuka mama yake mwenyewe, aliyekufa mwaka 1808. Aidha, yeye alioa mwaka 1825, akamwoa Dortchen Wild, mmoja wa wale binti waliomsimulia hadithi, na ilipotoka chapa ya 1840 alikuwa na watoto wake nyumbani. Ni baba gani apendaye kumweleza mtoto wake kwamba yuko mama awezaye kumtupa?

Lakini tazama kilichopotea. Hadithi ya Hansel na Gretel, kama ilivyosimuliwa kwanza, ilikuwa hadithi ya njaa. Ilisema kwamba njaa yaweza kumfikisha hata mama mzazi mahali asipodhani atafika. Hilo halikuwa jambo la kubuni kwa watu wa siku zile. Baada ya mlima Tambora, huko Indonesia, kulipuka mwaka 1815, hali ya hewa iliharibika, na mwaka 1816 na 1817 mavuno yalikosekana katika sehemu nyingi za Ulaya, bei ya mkate ikapanda, na maskini wakateseka. Wasikilizaji maskini walipomsikia yule mama wa hadithi, walijua ni kitu gani kilichomsukuma. Alipobadilishwa akawa mama wa kambo, njaa ilisogea nyuma, na roho mbaya ya mtu mmoja ikakaa mbele. Swali zito kuhusu umaskini likageuka kuwa shutuma nyepesi juu ya mwanamke.

Na mwanamke huyo alikuwako kweli. Katika karne ile wanawake wengi walikufa katika uzazi, na wajane wa kiume walioa tena ili watoto wapate mlezi. Kwa hiyo mama wa kambo walikuwa wengi, na baadhi yao, hapana shaka, waliwalea watoto wasio wao kwa jasho na upendo. Hao ndio waliolipia heshima ya mama mzazi. Hadithi za zamani zilikuwa na mama wa kambo waovu hata kabla ya kalamu ya Wilhelm, hakuwabuni yeye. Lakini aliwaongeza, na kitabu chake kikawapeleka mbali. Mtoto aliyelindwa asiogope mama yake alifundishwa kumwogopa mama wa jirani.

Mtu akisikia kwamba hadithi zilisafishwa kwa ajili ya watoto, atadhani kwamba kilichoondolewa kwanza ni damu. Sivyo. Malkia mwovu wa Theluji aliendelea kuvikwa viatu vya chuma vilivyopashwa moto hata vikawa vyekundu, akacheza ngoma ndani yake mpaka akafa. Katika hadithi ya Aschenputtel, yule msichana wa majivuni aliyepotewa na kiatu, dada zake wa kambo walijikata nyama za miguu ili kiatu kiwaenee. Na mwaka 1819 iliongezwa adhabu ambayo haikuwamo mwaka 1812: njiwa waliwadonoa macho wakapofuka. Wilhelm alifuta mimba, akaacha mateso, na pengine akayazidisha, mradi anayeteswa ni mwovu. Kwa fikira za wakati wake, adhabu kali ilikuwa chombo cha malezi, lakini habari za mwili zilikuwa uchafu.

Kulikuwa na jambo jingine lililopita katika chujio lake bila kuzuiliwa. Katika mkusanyo huo mna hadithi ya Myahudi anayelazimishwa kucheza ngoma katikati ya miiba kwa nguvu ya zeze la ajabu, watu wakamcheka, na mwishowe akatundikwa. Hadithi hiyo haikuondolewa. Mwaka 1825 ilitiwa hata katika chapa ndogo iliyochaguliwa makusudi kwa watoto. Hapana mzazi aliyelalamika kiasi cha kuifanya itolewe, kwa maana dhihaka juu ya Wayahudi haikuonekana kuwa jambo lisilofaa masikio ya mtoto. Wanazi walipoitawala Ujerumani, toka mwaka 1933 hata 1945, walizitumia ngano hizi kueneza mafundisho yao. Haifai kusema kwamba ndugu wa Grimm ndio waliosababisha maovu ya karne iliyowafuata. Lakini yafaa kusema kwamba chujio huonyesha macho ya mwenye kuchuja: humzuilia mtoto kile kinachomwaibisha mtu mzima, na humpitishia kile ambacho mtu mzima amekizoea.

Ile chapa ndogo ya 1825 ndiyo iliyofungua mlango wa sifa. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1823, Edgar Taylor alikuwa ametoa tafsiri ya Kiingereza mjini London, yenye picha za George Cruikshank, nayo ikapendwa sana. Wilhelm aliona njia. Akachagua hadithi 50, na ndugu yao mdogo, Ludwig Emil, akazichorea picha. Kitabu hicho kilipigwa chapa mara 10 hata kufikia mwaka 1858. Chapa kubwa nayo iliendelea kusahihishwa mpaka ya saba, mwaka 1857, yenye hadithi 200 na visa vingine 10 vya dini. Wilhelm alikufa mwaka 1859, na Jacob mwaka 1863.

Twajuaje, basi, mambo yote haya? Kwa bahati, mwaka 1810 ndugu hao walimpelekea mshairi Clemens Brentano maandishi yao ya kwanza kabisa, naye hakuyarudisha. Yalikuja kuonekana baadaye katika nyumba ya watawa huko Oelenberg, katika nchi ya Alsace. Maandishi hayo, pamoja na chapa saba zilizofuata, yamewawezesha wanachuoni kuzilinganisha hadithi mstari kwa mstari na kuona kila mahali kalamu ilipopita. Usahaulifu wa rafiki mmoja umetuachia ushahidi ambao uangalifu wa wengi haungetuachia.

Je, tumhukumu Wilhelm? Yapasa kumtendea haki. Lau angaliziacha hadithi kama zilivyokuwa mwaka 1812, huenda zingalibaki katika maktaba, zikisomwa na wachache. Yeye alizipa mwendo mzuri, akazipamba kwa methali na misemo ya watu, akaziwezesha kupita mlangoni mwa nyumba zenye watoto. Leo zimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 160. Tena alifanya kile ambacho kila msimulizi mwema hufanya, yaani kumtazama msikilizaji wake usoni. Tofauti yake na msimulizi wa barazani ni kwamba maneno ya barazani hupita na upepo, na maneno yake yalikaa. Wala kazi ya kubadili haikukoma kwake. Katika ngano yake binti wa mfalme amtupa chura ukutani kwa hasira, ndipo chura ageuke. Busu ambalo watu wengi hulitaja halimo, bali limetiwa na wasimulizi wa baadaye. Na katika filamu ya Marekani ya mwaka 1937, viatu vya moto vya malkia vimetoweka. Malkia aanguka gengeni.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Katika karne ile ile desturi ya kuandika ngano ilienea, na mwaka 1870 Edward Steere alitoa mjini London kitabu cha hadithi za Kiswahili alizozipata Unguja. Tangu hapo hadithi nyingi za Afrika ya Mashariki zimetolewa vinywani na kutiwa vitabuni, na nyingi zimeingia katika vitabu vya skuli. Kila moja ilipita katika mkono wa mtu aliyechagua. Mwanafunzi anaposoma hadithi ya namna hiyo na aulize: nani aliyeisimulia, nani aliyeiandika, na ni nani aliyedhaniwa kuwa msomaji wake? Kisha aulize swali lililo gumu zaidi: katika kumlinda msomaji huyo, ni nani aliyebebeshwa lawama? Akiweza, na amwendee mzee anayeijua hadithi hiyo hiyo, amwombe aisimulie yote, naye akae kitako asikilize mpaka mwisho.